Dawa za kupunguza maji mwilini: chumvi hutoka kwanza, maji hufuata

Watu wawili wanaweza kutoka kwenye duka moja la dawa, kila mmoja na bahasha yake, na wote wawili wameambiwa kwamba wamepewa "dawa ya maji". Wa kwanza ana presha, na bahasha yake ina hydrochlorothiazide ya miligramu 25. Wa pili moyo wake umechoka na miguu imevimba. Yake ina furosemide ya miligramu 40, ile ambayo wengi huiita Lasix. Wakibadilishana bahasha kwa bahati mbaya, wa kwanza atashinda chooni asubuhi nzima huku presha yake ikidhibitiwa kwa saa chache tu za siku. Wa pili anaweza kubaki na miguu yake iliyovimba, na baada ya siku kadhaa akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapwa kwenye pakiti, ili uweze kuyalinganisha na dawa uliyonayo mkononi.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na ndani ya majimaji hayo mna karibu kilo moja na nusu ya chumvi. Karibu yote hurudishwa kwenye damu kupitia kuta za mirija midogo ya figo, na kinachobaki kutoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili hivi. Dawa hizi hazisukumi maji. Zinaziba njia ambazo chumvi hupitia kurudi kwenye damu. Chumvi ikibaki kwenye mrija, maji hubaki pamoja nayo, kisha vyote hutoka kwa mkojo. Faida zake na madhara yake karibu yote yanatokana na jambo hilo moja.

Tofauti kati ya dawa na dawa ni mahali inapoziba. Furosemide, pamoja na torasemide na bumetanide, huziba sehemu ya mrija ambako karibu robo ya chumvi yote iliyochujwa hurudishwa. Ndiyo maana ina nguvu kubwa na ya haraka. Kundi la thiazidi (hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, na jamaa zake wa karibu chlorthalidone na indapamide) huziba mbele zaidi, ambako ni asilimia 5 hivi tu ya chumvi hurudishwa. Spironolactone na amiloride hufanya kazi mwishoni kabisa mwa mrija, ambako chumvi inayorudi ni asilimia 2 au 3, lakini ni hapo mwili unapobadilishana: unachukua sodiamu na kutoa potasiamu. Makundi mawili ya kwanza hupeleka chumvi nyingi hadi kwenye sehemu hiyo ya mwisho, hivyo potasiamu hupotea. Kundi la tatu huzuia mabadilishano yenyewe, hivyo potasiamu hubaki mwilini, na wakati mwingine hubaki kupita kiasi.

Furosemide na saa ya ukutani

Kidonge cha furosemide huanza kufanya kazi ndani ya saa moja, hufika kileleni katika saa ya kwanza au ya pili, na baada ya saa sita hadi nane kimekwisha. Kinachofuata hakisemwi vya kutosha: dawa ikiisha, figo hugeuka na kuanza kushika chumvi kwa nguvu kuliko kawaida ili kufidia iliyopotea. Mgonjwa anayemeza kidonge saa 2 asubuhi, akakojoa sana mpaka mchana, kisha jioni akala ng'onda na ugali, anaweza kurudisha usiku chumvi yote aliyoitoa asubuhi. Uzito haushuki, miguu haipungui, naye anasema dawa ni bandia. Dawa si bandia. Tatizo ni chakula cha jioni.

Hiyo ndiyo sababu pia furosemide si chaguo zuri kwa presha ya kawaida. Saa sita za kupungua kwa chumvi hufuatwa na saa kumi na nane za kuirudisha. Kwa presha, ina nafasi yake pale figo zilipodhoofika sana, au moyo ukiwa umeshindwa kusukuma damu na mwili umejaa maji.

Ikiandikwa mara moja kwa siku, inywe asubuhi. Ikiandikwa mara mbili, kosa la kawaida hutokana na maandishi ya bahasha. "1x2" huwafanya wengi wameze kidonge asubuhi na kingine wakati wa kulala, kama wanavyofanya kwa dawa nyingine. Kwa furosemide, dozi ya pili inywe saa 8 mchana hivi, isivuke saa 10 alasiri. Ukiimeza usiku utaamka kwenda chooni mara nne au tano, na kwa mzee anayetembea gizani akiwa na kizunguzungu, safari hiyo ndiyo inayomvunja nyonga. Ukisahau dozi na ukakumbuka jioni, iache. Kesho endelea kama kawaida bila kumeza mbili kwa pamoja.

Siku ya safari ndefu, watu wengi huruka dawa kabisa kwa hofu ya basi kutosimama. Kwa wagonjwa wengi waliotulia, dozi ya siku hiyo inaweza kusogezwa hadi ufike, mradi ufike mapema alasiri. Muulize daktari kabla ya siku yenyewe kama hilo linakufaa. Kuruka siku mbili tatu mfululizo, ya kwenda na ya kurudi, ni jambo jingine, na mgonjwa wa moyo anaweza kuishia kulazwa kwa sababu hiyo.

Furosemide pia ina kizingiti. Chini ya kiwango fulani cha dawa katika mrija wa figo, haifanyi chochote. Ukikivuka, mkojo unafunguka. Mgonjwa ambaye kidonge kimoja cha miligramu 40 hakimletei mkojo wowote wa ziada hapati msaada kwa kukimeza mara tatu kwa siku, kwa sababu kila dozi bado iko chini ya kizingiti. Anachohitaji ni dozi kubwa zaidi kwa wakati mmoja, na hiyo hupangwa na daktari baada ya kupima figo. Figo zilizodhoofika huinua kizingiti hicho. Utumbo uliovimba nao huchelewesha dawa kuingia kwenye damu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mgonjwa aliyejaa maji sana kupewa sindano kwanza, na vidonge baadaye.

Tunza vidonge hivi mbali na mwanga wa jua. Furosemide huharibika kwa mwanga na kugeuka rangi ya njano. Kidonge kilichobadilika rangi usikitumie.

Kwenye presha, mkojo si kipimo

Thiazidi ziliingia sokoni mwaka 1958 kwa chlorothiazide, na mpaka leo zimo miongoni mwa dawa za kwanza za presha duniani. Utafiti mkubwa wa ALLHAT, uliotangazwa mwaka 2002 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 33,000 wa Amerika Kaskazini, ulionyesha kwamba dawa mpya na ghali zaidi za wakati ule hazikuishinda chlorthalidone katika kuzuia mshtuko wa moyo. Karibu zaidi na kwetu, utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019 uliwahusisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Amlodipine ikiunganishwa na hydrochlorothiazide, au na perindopril, ilishusha presha vizuri kuliko perindopril na hydrochlorothiazide bila amlodipine.

Wiki za mwanzo za thiazidi mtu hukojoa zaidi kidogo. Baada ya hapo mkojo hurudi karibu na kawaida, na wengi hapo huamua kwamba dawa imezoeleka mwilini, wakaiacha. Ukweli ni kwamba kazi yake imehamia kwingine: maji ya ziada yalishapungua, na sasa mishipa ya damu imelegea na kupanuka zaidi. Kipimo cha dawa hii ni mashine ya presha. Idadi ya safari za chooni haikuambii kitu. Presha huchukua wiki kadhaa kutulia kwenye kiwango chake kipya, kwa hiyo kubadilisha dawa kila wiki ni kujichosha bure.

Dozi ndogo inatosha. Hydrochlorothiazide ni miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku. Ukienda 50 unaongeza hasara ya potasiamu, sukari na asidi ya yuriki kuliko unavyoshusha presha. Bendroflumethiazide kwa presha ni miligramu 2.5, na vidonge vya miligramu 5 vipo madukani, kwa hiyo soma namba kwenye pakiti kabla ya kumeza kizima. Chlorthalidone hukaa mwilini siku mbili hadi tatu, na kusahau dozi moja hakuleti pengo kubwa. Hydrochlorothiazide huisha ndani ya saa 12. Kagua pia dawa zako nyingine za presha. Herufi "H" au "HCT" mwishoni mwa jina la dawa mseto, kama vile losartan H, kwa kawaida ina maana kwamba hydrochlorothiazide imo ndani. Mtu aliyeandikiwa losartan H hospitali moja na hydrochlorothiazide kituo kingine anameza dawa ileile mara mbili bila kujua.

Kuna kundi moja la wasomaji wetu linalostahili neno lake. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya iliagiza onyo liwekwe kwenye hydrochlorothiazide, baada ya tafiti za Denmark kuonyesha uhusiano kati ya kuitumia kwa miaka mingi na saratani za ngozi ambazo si melanoma (melanoma ni ile inayoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi). Dawa hii huifanya ngozi iumizwe zaidi na jua. Kwa mtu mwenye ualbino, anayepambana na jua hilo tangu utotoni, ni haki yake kumwuliza daktari kama kuna dawa nyingine ya presha inayomfaa.

Kabla ya kutoa maji, jua yametoka wapi

Kosa kubwa kuliko yote ni kununua furosemide kwa sababu miguu imevimba. Mguu uliovimba hausemi sababu yake.

Anza na dawa unazomeza. Amlodipine, hasa ya miligramu 10, huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi. Hupanua mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoiondoa, msukumo ndani ya mishipa hiyo huongezeka, na majimaji huvujia kwenye nyama. Mwilini hakuna chumvi iliyozidi ya kutoa. Furosemide hapo haina cha kukamata. Inachokausha ni damu, si mguu. Mgonjwa anabaki na miguu ileile, kisha anaanza kupata kizunguzungu na mkakamao wa misuli, na kwa hayo anaongezewa dawa ya tatu. Dawa sahihi ni kupunguza amlodipine, kuibadilisha, au kuiunganisha na dawa kama losartan au enalapril, ambazo hufungua upande wa pili wa mishipa na kupunguza uvimbe. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, na steroidi kama prednisolone na dexamethasone, nazo hushikilia chumvi na maji.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, unauma na una joto, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likihamia kwenye mapafu huua. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mguu mgumu uliovimba kwa miaka, kama wa matende katika mwambao wetu, mirija yake ya limfu imeziba, na dawa ya kukamua chumvi haiufikii. Uso unaovimba asubuhi na mkojo wenye povu vinaelekeza kwenye figo. Tumbo lililojaa maji kwa mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria linaweza kuwa limetokana na kichocho kilichoharibu ini. Hapo dawa ya kuanzia ni spironolactone, mara nyingi miligramu 100, ikisindikizwa na furosemide miligramu 40. Uzito hautakiwi kushuka zaidi ya nusu kilo kwa siku kama miguu haijavimba, au kilo moja kama imevimba. Ukikimbia kuliko hapo, figo ndizo zinazolipa.

Mambo mawili hayana nafasi ya kubahatisha. Mama mjamzito aliyevimba miguu, mikono na uso asipewe dawa hizi ili "apungue". Katika dalili za kifafa cha mimba mwili unaonekana umejaa maji huku damu ndani ya mishipa ikiwa pungufu, na kuikausha zaidi kunamnyima mtoto tumboni damu ya kondo. Akiwa na kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia, ni hospitali mara moja, presha na mkojo vipimwe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyevimba miguu naye, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: asipewe kabisa dawa ya kupunguza maji kwa ajili ya uvimbe huo. Uvimbe wake huondoka kwa lishe maalumu na matibabu yake, na furosemide inaweza kumuua.

Potasiamu inayopotea, na ile inayozidi

Potasiamu katika damu inatakiwa kuwa kati ya 3.5 na 5.0 (milimoli kwa lita). Ikishuka, miguu hulegea, misuli hukaza usiku, choo hukauka na moyo hudunda ovyo. Ikishuka sana moyo unaweza kusimama, na anayetumia digoxin, dawa ya moyo, yuko hatarini mapema zaidi. Mtu wa thiazidi au furosemide mwenye figo nzima hufaidika na ndizi, parachichi, mchicha, maharage, viazi na maji ya dafu. Lakini chakula peke yake huenda kisitoshe kama upungufu ni mkubwa. Hapo daktari hupunguza dozi, huongeza vidonge vya potasiamu, au huweka spironolactone.

Kwa anayetumia spironolactone au amiloride ushauri hugeuka kabisa. Akiwa pia kwenye losartan, enalapril au captopril, na figo zikiwa zimechoka, potasiamu inaweza kupanda bila dalili yoyote mpaka moyo ukwame. Huyu asijaze dafu kila siku, na asitumie zile chumvi mbadala za "afya", kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Jambo moja linalopuuzwa sana katika Afrika Mashariki ni Septrin, yaani co-trimoxazole, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI huimeza kila siku kwa kinga. Trimethoprim iliyomo ndani yake huziba sehemu ileile ya mrija inayozibwa na amiloride. Spironolactone na Septrin kwa mzee mwenye figo dhaifu ni mchanganyiko wa kupimiwa damu mapema sana. Wanaume wanaotumia spironolactone wajue pia kwamba matiti yanaweza kuuma na kuvimba. Usivumilie kwa aibu. Ipo eplerenone, dawa ya jamii hiyohiyo, na zipo njia nyingine.

Sodiamu nayo hushuka, hasa kwa akina mama wazee wanaoanza thiazidi, na mara nyingi ndani ya wiki za kwanza. Bibi anaanza kuchanganyikiwa, anasahau majina, anaanguka, anatapika, na familia inasema ni uzee. Hali huwa mbaya zaidi kama ameambiwa anywe maji lita tatu kwa siku "kusafisha figo". Maji mengi juu ya chumvi iliyopungua yanazimua damu, na ubongo unavimba. Kama hujapewa kikomo cha maji na daktari, kunywa unapoona kiu. Wenye moyo ulioshindwa sana huweza kupewa kikomo cha lita moja na nusu au mbili, supu na chai vikihesabiwa humo.

Chumvi iliyojificha

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko cha chai kisichojaa sana, na hapo ndani imehesabiwa yote, hata ile usiyoiona. Vidonge vya mchuzi na unga wa viungo wa pakiti vina chumvi nyingi. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine kwenye sufuria. Magadi yanayolainisha maharage na kisamvu ni sodiamu pia, hata kama ulimi hausemi chumvi. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, upike bila magadi. Paracetamol ya kuyeyusha kwenye maji na dawa za gesi tumboni za unga unaochemka zina sodiamu nyingi, na mgonjwa wa moyo anayezinywa kila siku anajaza kwa mkono mmoja anachotoa kwa mwingine.

Dawa zinazogombana

Diclofenac inastahili kurudiwa, kwa kuwa inanunuliwa kama karanga. Hushika chumvi, hudhoofisha furosemide na thiazidi, na hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu anayemeza dawa ya maji pamoja na losartan au enalapril, kisha akaongeza diclofenac au ibuprofen kwa ajili ya mgongo, amezibana figo kutoka pande tatu, na anaweza kuziangusha ndani ya siku chache. Kwa maumivu ya kawaida, paracetamol ya kidonge cha kumeza ni salama zaidi.

Gentamicin ya sindano pamoja na furosemide inaweza kuua masikio. Mlio masikioni ni onyo la kusemwa saa hiyohiyo. Mwenye jongo ajue kwamba thiazidi na furosemide hupandisha asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kinaweza kulipuka kwa maumivu. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi anapoanza thiazidi. Dawa mseto ya malaria (ALu) na kwinini hugusa umeme wa moyo, na potasiamu ikiwa chini hatari hupanda. Malaria lazima itibiwe, ila mhudumu ajue unameza nini. Ukiwahi kupata upele mkali kwa Septrin au SP (dawa ya malaria), mwambie pia daktari, kwani furosemide na thiazidi zina asili ya salfa. Wengi wenye historia hiyo huzitumia bila shida, lakini uamuzi si wa kufanywa kaunta.

Kuhara, homa na kufunga

Ukianza kuhara, kutapika au kuwa na homa kali huku huli wala hunywi vizuri, dawa ya maji inaendelea kutoa chumvi ambayo mwili hauna tena. Ushauri wa kawaida ni kuisimamisha kwa siku moja au mbili mpaka utakapokula na kunywa kama kawaida, kisha kuirudia. Losartan, enalapril na spironolactone nazo mara nyingi husimamishwa katika siku hizo. Ila mwenye moyo ulioshindwa asijiamulie. Apige simu kliniki yake, kwa sababu kwake pengo dogo linaweza kujaza mapafu. Omba mpango huu uandikwe kwenye kadi yako ukiwa mzima. Usisubiri usiku wa kuhara.

Kwa wanaofunga Ramadhani, zungumza na daktari wiki kadhaa kabla. Thiazidi ikimezwa wakati wa daku humwacha mtu na kiu na kizunguzungu katika joto la alasiri, kwa hiyo mara nyingi huhamishiwa baada ya futari. Anayetumia furosemide kwa dozi kubwa, au mwenye figo mbovu, yumo katika kundi ambalo kufunga kunaweza kumdhuru, na hilo anahitaji kuambiwa waziwazi.

Mzani, kitanda na maabara

Mzani wa bafuni ni kifaa bora kuliko macho. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, uandike. Lita moja ya maji ina kilo moja. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanarudi. Wasiliana na kliniki kabla hujaanza kuhema. Ukishuka chini ya uzito uliopangiwa na ukasikia kizunguzungu, umekaushwa kupita kiasi, na hilo nalo ni la kuripoti.

Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili. Ukiwa na mashine ya presha, pima ukiwa umekaa, kisha simama upime baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwoneshe daktari.

Maabara, mambo ni mawili: kreatinini, inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, na elektrolaiti zikiwamo sodiamu na potasiamu. Zipimwe kabla ya kuanza, zirudiwe wiki ya pili hadi ya nne, na kila dozi inapobadilishwa. Hali ikitulia, mara moja au mbili kwa mwaka. Anayeanza spironolactone arudie potasiamu baada ya wiki moja, kisha mwezi. Kipimo cha elektrolaiti hakipo kila zahanati na gharama yake si ndogo kwa wengi, kwa hiyo kama uwezo unaruhusu mara moja tu, kifanye wiki ya pili baada ya kuanza au kuongeza dozi, kwa sababu mabadiliko makubwa mara nyingi huonekana katika wiki hizo za mwanzo.

Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kuzimia, kuchanganyikiwa, degedege, mkojo kukoma kwa nusu siku au zaidi, na kukosa pumzi ukilala, hayo yote ni ya hospitali bila kusubiri kesho.

Na kuacha dawa kuna njia yake. Anayemeza furosemide kwa ajili ya moyo akiacha ghafla, maji huweza kurudi ndani ya siku chache, na mzani utaonyesha kabla ya miguu. Thiazidi ikiachwa, presha hupanda polepole kwa wiki kadhaa, kimya, bila maumivu ya kichwa wala dalili yoyote. Daktari akikubali uache, jipime uzito kila siku kwa wiki mbili za mwanzo kama ulikuwa unameza kwa ajili ya uvimbe. Kama ilikuwa ya presha, pima presha angalau mara moja kwa wiki kwa miezi miwili au mitatu. Namba zikipanda, rudi na daftari lako, si na bahasha tupu peke yake.